Ule mchoro wa mpiga upinde wa Kirumi naomba mchore upya

Mhariri, salamu na poleni na kazi.

Naandika kuhusu ule mchoro mliouweka kwenye ukurasa wa historia, ule wenye maneno mafupi tu chini yake kwamba ni mpiga upinde wa jeshi la Roma. Mwanangu aliukata kwa mkasi akaubandika kwenye daftari lake la historia, na sasa ndo anaamini hivo, na najua si yeye peke yake, gazeti likishachapa kitu watu wanakishika. Kwahiyo naomba nafasi nieleze manake karibu kila kitu alichovaa yule askari si chake.

Kwa ambao hawakuuona, ni jamaa kavaa zile bamba za chuma zilizopishana kifuani na mabegani, kanzu nyekundu, chapeo yenye kishungi chekundu juu, halafu mkono mmoja kashika ngao kubwa ya mstatili na mwingine upinde mrefu wa mti mtupu unaomzidi kimo. Hebu tuanze hapo hapo kwenye mikono. Huyu mtu akitaka kupiga mshale anauvuta na nini? Mkono mmoja unashika upinde, mwingine unavuta kamba, ngao inabaki bila mtu wa kuishika. Warumi wenyewe walilisema hili, kuna mwandishi wao anaitwa Vegetius, wa mwishoni mwa karne ya 4, aliandika mambo ya jeshi na kuna mahali analalamika kwa uchungu kabisa kwamba askari wa siku zake wameacha kuvaa dirii (vazi la kukinga mwili) na chapeo kwa sababu ya uvivu wa mazoezi, alafu anauliza, huyu mpiga upinde wa miguu afanye nini bila chapeo na bila dirii wakati upinde na ngao haviwezi kushikwa kwa pamoja? Yaani ukifuata hoja yake unaona kabisa kwamba mpiga upinde alihitaji kinga ya mwilini kuliko hata wenzake, kwasababu wenzake walikuwa na ngao ya kujificha nyuma yake na yeye hana. Watu wengi wanafikiri mpiga upinde ni askari mwepesi, nusu uchi, anarusha mishale miwili mitatu anakimbia. Kwa hawa wa Roma naona hapo ndo tunapowakosea zaidi.

Sasa alikuwa nani? Mara nyingi hakuwa Mrumi kabisa, na hili mchoro wenu haukuligusa hata kidogo. Jeshi la Roma lilikuwa na sehemu mbili kubwa, lejioni ambazo walikuwa raia wa Roma, na vikosi vya wasaidizi ambao walitoka kwenye mataifa yaliyotawaliwa au yaliyofanya urafiki na Roma, na kikosi cha kawaida cha miguu cha wasaidizi kilikuwa na watu kama 480. Mrumi alikuwa mtu wa upanga na mkuki wa kurusha, upinde haukuwa silaha yake ya nyumbani, kwahiyo alipouhitaji aliwatafuta watu waliokua nao tangu utoto. Julius Caesar alipokuwa Gaul (leo Ufaransa) mwaka 57 KK alikuwa na wapiga upinde kutoka Krete na akawatuma usiku kwenda kuokoa mji uliokuwa umezingirwa, wakiwa pamoja na Wanumidia wa Afrika Kaskazini na wale wapiga kombeo wa visiwa vya Baleari. Halafu kuna Waiturea, watu wa milima ya Lebanoni, wale ambao nchi yao imetajwa kwenye Injili ya Luka sura ya 3 kwamba Filipo alikuwa mtawala wa Iturea. Hawa walikuwa maarufu kiasi kwamba Cicero, mwanasiasa wa Roma, mwaka 44 KK analalamika kwamba Mark Antony amewaingiza na mishale yao mpaka katikati ya uwanja wa mji wa Roma. Na zaidi ya wote ni watu wa Syria, wa Hama (ile Hamathi ya kwenye Agano la Kale), wa Emesa ambayo leo ni Homs, na wa Palmyra.

Na Roma ilijifunza thamani ya upinde kwa maumivu. Mwaka 53 KK jemadari wao Crassus alipeleka lejioni 7 kupigana na Waparthi, watawala wa Uajemi wa wakati huo, wakakutana karibu na Carrhae, ambayo ndiyo Harani ile ile aliyokaa Ibrahimu. Waparthi walikuwa na wapiga upinde wa farasi, na kamanda wao alikuwa ameandaa ngamia waliobeba shehena za mishale, kwahiyo Warumi walipokuwa wanasubiri mishale iishe ili wapumue, haikuisha. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anaandika kwamba walikufa watu 20,000 na wengine 10,000 wakatekwa. Baada ya hapo huwezi kushangaa kwamba kizazi hata kizazi Warumi wakawa wanatafuta wapiga upinde wa Mashariki kila wanapokwenda, na mwaka 67 BK jemadari wa Roma Vespasian alipoenda kupigana Galilaya wafalme watatu marafiki wa Roma, yaani Antiochus, Agrippa na Sohaemus, kila mmoja alimpa wapiga upinde wa miguu 2,000 na wapanda farasi 1,000, na mfalme wa Waarabu Malchus akaleta wapanda farasi 1,000 na watu wa miguu 5,000 wengi wao wapiga upinde. Hesabu hizo ni za Josephus, mwandishi wa Kiyahudi, ambaye alikuwepo, tena upande wa pili, ndani ya mji uliokuwa unapigwa.

Tuje kwenye upinde sasa, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwasababu ndo sehemu ninayoipenda na ndo sehemu mchoraji kaikosea vibaya. Ule upinde mrefu wa mti mmoja ni wa watu wengine na wa karne nyingine. Hawa wa Mashariki walitumia upinde wa kuunganisha, mfupi, na nikisema kuunganisha namaanisha umetengenezwa kwa vitu vinne: mti, pembe, kano na gundi. Mti uko katikati ni kama uti wa mgongo tu. Upande wa ndani, ule unaomwangalia mpigaji, umebandikwa pembe ya mnyama, na upande wa nje unaowaangalia maadui umebandikwa kano, zile nyuzi ngumu za mnyama zinazoshika misuli kwenye mifupa. Kwa nini hivyo? Ukiukunja upinde, upande wa ndani unabanwa na upande wa nje unavutwa, na pembe ndiyo kitu kinachovumilia kubanwa na kano ndiyo inavumilia kuvutwa bila kukatika. Mti peke yake ungepasuka mapema. Ndo maana upinde mfupi hivyo unaweza kukunjwa sana na kutoa nguvu kubwa, na kwasababu ni mfupi mtu anaweza kuutumia akiwa juu ya farasi, akaugeuza kulia kushoto bila kugonga shingo ya mnyama.

Na ukiutoa kamba upinde huo haunyooki, unajikunja kwa upande wa pili, kwa mbele. Kuuvisha kamba tena ni kazi ya mtu mwenye nguvu na ufundi. Gundi yake inakauka polepole sana kwahiyo fundi hawezi kukaa chini asubuhi akamaliza jioni, ni kazi ya miezi, unabandika unaacha, unabandika tena unaacha. Halafu adui yake mkubwa ni maji. Unyevu ukiingia gundi inalegea na kano zinalegea, kwahiyo lazima uwe na mfuko wa kuuhifadhi, na hebu fikirini wale waliotoka Syria wakapelekwa Uingereza kaskazini kwenye mvua na ukungu, walivyokuwa wanaulinda upinde kama mtoto mchanga.

Kwenye ncha mbili za upinde na pale pa kushikia waliweka vipande vya mfupa au pembe ya kulungu ili pawe pagumu. Na hivyo vipande ndo vinatusaidia leo, manake mti unaoza, kano zinaoza, gundi inapotea, lakini mfupa unabaki ardhini. Ndo maana tunajua kwamba upinde wa namna hii ulifika mpaka Bar Hill huko Uskoti, kwenye ngome ya ule ukuta wa udongo ulioanza kujengwa mwaka 142 zama za kaisari Antoninus Pius. Vipande hivyo vimepatikana pale, na kikosi kilichokaa pale kinajulikana kwa jina, ni kikosi cha kwanza cha watu wa Hama. Kabla ya hapo kikosi hicho hicho kilikuwa Carvoran kwenye ukuta wa Hadrian, ulioko kaskazini mwa Uingereza. Yaani mtu anazaliwa kwenye mto Orontes, anaishia kulinda kilima cha Uskoti na upinde wa pembe mkononi. Vipande vingi vingine vimepatikana Caerleon huko Wales ambako palikuwa na kambi ya lejioni, lejioni ya pili Augusta, kwahiyo hata kwenye kambi za lejioni zana za upinde zilikuwepo, na Vegetius anashauri kwamba robo au theluthi ya vijana wapya wafundishwe upinde kwenye magogo ya mazoezi. Anasema pia wapiga upinde walikuwa wanasimamisha mafungu ya vijiti wanayapiga kutoka futi 600 za Kirumi, ambayo ni karibu mita 178. Umbali huo ni mrefu kuliko uwanja wa mpira, goli mpaka goli na zaidi ya nusu yake tena.

Mishale nayo. Mchoraji kaweka mshale mmoja tu kwenye kamba (sijui alitegemea auvute na nini) na hakuna podo, yaani mfuko wa mishale, popote. Podo lazima liwepo! Kwenye michoro ya mawe ya Kirumi podo linaning'inia mgongoni, la duara refu kama bomba. Vigumba vyao, yaani vichwa vya mishale, vingi vilikuwa vya chuma vyenye mabawa matatu, siyo bapa kama jani, na vina mkia mwembamba unaochomekwa ndani ya wano, yaani ule mti wa mshale. Vingine vilikuwa vyembamba vya pembe nne kama msumari mnene, hivyo ni vya kupenya dirii. Na kule Dura-Europos, mji wa mto Frati ambao Wasasani, watawala wa Uajemi waliofuata, waliuteka karibu mwaka 256 na ukaachwa ukafunikwa na mchanga, ukame umehifadhi hata mishale yenyewe, na ndo tunajua kwamba wano lilikuwa la tete, jepesi, halafu mbele wameunganisha kipande cha mti mgumu na kigumba kinaingia kwenye huo mti. Akili hiyo ni kubwa, manake tete peke yake ingepasuka kigumba kikigonga ngao, na ukitumia mti mgumu kuanzia mwanzo mpaka mwisho mshale unakuwa mzito haufiki mbali.

Haya, mavazi sasa, na hapa najua kuna watakaonipinga.

Ukienda Roma kuna ile nguzo ya Trajan, ilizinduliwa mwaka 113, inazungukwa na picha za mawe kuanzia chini mpaka juu zinazosimulia vita na Wadacia, ambavyo vilipiganwa mwaka 101 hadi 102 na tena 105 hadi 106 kule ambako leo ni Romania. Pale wapo wapiga upinde wa Mashariki na wamevalishwa kanzu ndefu pana zinazofika mpaka miguuni, zinapepea, na kichwani wana chapeo zilizochongoka kama pia ya kuchezea iliyogeuzwa. Vitabu vingi vya picha vimenakili hapo moja kwa moja na ndo imekuwa picha ya kawaida ya mpiga upinde wa Roma, kwahiyo mtu akinijibu kwamba basi mchoraji angemvalisha kanzu ndefu, nitamwambia asubiri kwanza.

Nguzo ile ni kazi kubwa, sidharau, ila waliochonga walikuwa mafundi wa mjini Roma wanaofanya kazi mjini Roma, na lengo lao lilikuwa mtu anayesimama chini aangalie juu aweze kutofautisha haraka nani ni nani. Ndo maana askari wa lejioni wote wamevalishwa bamba za chuma na wasaidizi wote dirii ya pete ndogo za chuma zilizosukwa pamoja, kama timu mbili zenye jezi, wakati makambini vitu vilichanganyika zaidi ya hapo. Mtu wa Mashariki akavalishwa kanzu ndefu ili ajulikane ni wa Mashariki. Mimi naona kanzu ya kufika miguuni kwa mtu anayetembea kwenye matope ya Danube na kupanda kuta za ngome ni kitu kizito kukiamini, na sababu yangu kubwa ni makaburi.

Mawe ya makaburi ni ushahidi wa karibu zaidi kwasababu yaliwekwa na ndugu na wenzake marehemu, watu waliomwona akivaa kila siku, na yaliwekwa pale pale alipotumikia. Kule Ujerumani kwenye mto Rhine yapo kadhaa. Kuna Monimus mwana wa Jerombalus wa kikosi cha kwanza cha Waiturea, jiwe lake liko Mainz, kachongwa na upinde mkono mmoja na mishale mkono mwingine. Kuna Maris mwana wa Casitus, huyu alikuwa wa farasi, kwenye kikosi cha Waparthi na Waarabu, alikufa na miaka 50 akiwa ametumikia miaka 30, jiwe lake likawekwa na Masicates ndugu yake pamoja na Tigranus, na limechongwa akiwa juu ya farasi amevuta upinde na nyuma yake kuna mtumishi wa miguu ameshika fungu la mishale ya akiba. Kila nikiitazama picha ya jiwe hilo nasimama kwenye huyo mtumishi, manake hakuna mtu anayemkumbuka kwenye michoro ya vitabu, lakini mishale ikiisha ndo yeye. Na pale Bingerbrück palizikwa Abdes Pantera wa Sidoni, kikosi cha kwanza cha wapiga upinde, miaka 62, utumishi miaka 40, na Hyperanor wa mji wa Lappa huko Krete wa kikosi hicho hicho, miaka 60, utumishi 18. Someni hayo majina. Abdes, Jerombalus, Maris, Tigranus, kila mmoja anakwambia katoka wapi. Lakini ukiangalia mavazi ya askari wasaidizi kwenye mawe hayo ya Rhine ya karne ya 1 unakuta kanzu fupi ya kuishia magotini, joho la kujitanda, na mshipi wenye vipande vya chuma. Kanzu ya kupepea mpaka miguuni haipo. Kwahiyo jina limebaki la nyumbani, silaha imebaki ya nyumbani, ila nguo ni ya jeshi.

Na ule mshipi msiuchukulie kama kitu kidogo. Hata asipokuwa na dirii wala chapeo, mshipi na upanga ndo vilimtambulisha mtu kuwa ni askari. Mpiga upinde naye alikuwa na silaha ya mkono kwa ajili ya adui akishafika karibu, na pale Housesteads kwenye ukuta wa Hadrian palipatikana jiwe la mpiga upinde, upinde wa kujipinda uko mkono wa kushoto, podo liko begani, na mkono wa kulia ana silaha fupi. Mchoraji wenu hakuweka upanga wala mshipi.

Kuna ushahidi mwingine wa rangi kabisa, ambao ningependa mchoraji auone kabla hajashika brashi tena. Kule kule Dura kilikuwepo kikosi cha 20 cha watu wa Palmyra, kikosi kikubwa chenye watu wa miguu, wa farasi na mpaka wa ngamia, na makaratasi yao ya mafunjo yamepatikana yakiwa na orodha za majina ya askari za mwaka 219 na 222. Kwenye hekalu moja ukutani walichora picha ya kamanda wao Julius Terentius akitoa sadaka na askari wake wamesimama nyuma yake. Wamevaa kanzu nyeupe zenye mikono mirefu ya kubana, zina mapambo ya rangi ya zambarau, na majoho juu. Hiyo imechorwa na watu waliowaona kwa macho, katika karne ya 3, na picha yenyewe leo iko chuo kikuu cha Yale huko Marekani. Nyekundu kila mahali kuanzia shingoni mpaka magotini ni mazoea ya filamu, na nafikiri ndo mchoraji alikoitoa.

Mnisamehe kama narefusha lakini na baridi nayo inabidi isemwe, kwasababu vazi la askari linategemea amepelekwa wapi. Hawa watu wa Hama walipokaa Uingereza hawakubaki na nguo moja ya jangwani. Vindolanda, ngome nyingine ya mpaka ule ule, zimepatikana barua zilizoandikwa kwa wino kwenye vibao vyembamba vya mti na moja inamwambia mtu kwamba ametumiwa soksi, ndala jozi mbili, na nguo za ndani mbili. Bar Hill penyewe vimefukuliwa viatu vingi vya ngozi na vingine ni vya wanawake na watoto, maana yake familia zilikuwa pale pale. Kwahiyo mchoraji akitaka kumchora huyu askari akiwa Uskoti ampe viatu vya kufunika, na soksi, na joho zito la sufu, na akimchora Syria apunguze. Mchoro wenu ulimweka kwenye milima yenye theluji na miguu mitupu kwenye ndala. Mwanangu ndo aliyeniuliza, baba huyu hasikii baridi?

Chapeo nayo kidogo tu, siyo lazima iwe ya kuchongoka kama ile ya nguzoni ingawa chapeo za namna hiyo zimepatikana kweli upande wa Balkani, na upande huo huo wa Danube ndo walikokaa wapiga upinde wa Emesa, kikosi kikubwa kiliwekwa Intercisa ambayo leo iko Hungaria, wakajenga na hekalu la mungu wao wa kwao, Elagabal. Sioni shida mchoraji akichagua chapeo iliyochongoka kwa mtu wa Danube. Kile kishungi chekundu ndo hapana.

Jambo la mwisho ni alipopigania, kwasababu mchoro umemweka mstari wa mbele kabisa anakabiliana na adui uso kwa uso. Arrian, ambaye alikuwa gavana wa Kapadokia, karibu mwaka 135 aliandika mpango wa vita dhidi ya Waalani, watu wa vita vya farasi kutoka nyika za kaskazini, na mpango huo tunao. Wazito wenye mikuki na ngao wanasimama mbele safu kwa safu, wapiga upinde wa miguu wanakuwa nyuma yao na wanapiga mishale kupitia juu ya vichwa vya wenzao, na wapiga upinde wa farasi nao nyuma, na miongoni mwa waliotajwa kwenye mpango huo Waiturea wamo. Kwahiyo ngao yake ni yule mtu aliyesimama mbele yake. Ndo maana mikono yake yote miwili iko huru. Nikimwelezea mwanangu hivyo alielewa kwa mara moja, akachukua kalamu akaifuta ile ngao kwenye daftari.

Hawa watu walitumikia miaka 25 na zaidi, wakimaliza wakapewa uraia wa Roma ukiwa umeandikwa kwenye bamba la shaba, wao na watoto wao. Kuna kijana mmoja hakufika mwisho wa utumishi, anaitwa Proculus mwana wa Rabilus, mtu wa Philadelphia ambayo leo ni Amman, alikuwa naibu wa akida kwenye kikosi cha pili cha Kiitalia, na ninyi mnaosoma Matendo ya Mitume sura ya 10 mnakijua kikosi cha Kiitalia cha Kornelio. Jiwe lake liko Carnuntum, Austria, na linasema alitoka kwenye kundi la wapiga upinde wa jeshi la Syria, alikuwa na miaka 26 na utumishi wa miaka 7. Kaka au mdogo wake, Apuleius, ndo aliyeliweka. Mtu huyo alikuwepo kweli, alitembea kutoka Amman mpaka Danube na upinde wake, na ninaposema mchoro umekosea namfikiria yeye.

Kwahiyo Mhariri naomba mchoro urudiwe. Mchoraji aanze na upinde mfupi uliojipinda mkono wa kushoto, ncha zake zina mfupa. Podo mgongoni lijae. Dirii ya pete au ya magamba, chini yake kanzu ya magotini, ikiwa nyeupe yenye zambarau ni vizuri zaidi. Mshipi, upanga mfupi, viatu vya kufunga. Na chini ya picha muandike ametoka Hama, au Palmyra, au Krete, mchague mmoja, ila mji wake uandikwe.

Wasalaam,
Msomaji wa ukurasa wenu wa historia